Sahani ya Siku ya Kujaza

Kosa nililofanya mapema kabisa, nikiwa bado sijapungua hata kilo mbili, ni kumwomba bibi yangu anipakulie kwenye sahani ya peke yangu.

Ilikuwa Jumapili mchana, nyumbani kwa bibi, kijijini Didia. Yeye ndiye aliyenilea. Mjomba wangu, ambaye ni mtoto wake wa mwisho, anaishi naye hapo hapo na mke wake na watoto. Ugali ulikuwa umeshatua katikati yetu wanaume, mgongo wake umelainishwa kwa kata, moshi unapanda. Mjomba alikuwa ameshanawa. Wanawe wawili wakubwa walikuwa wananisubiri mimi tu ninawe ili waanze.

"Bibi," nikasema, "mimi naomba unipakulie pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Kwenye sahani yangu."

Mjomba akacheka. "Haya, Kahama imeshatutolea mzungu."

Bibi hakucheka. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya bati nyeupe yenye ukingo wa bluu, iliyobanduka rangi upande mmoja. Niliijua sahani ile. Babu aliilia chakula miezi yake ya mwisho, aliporudi kutoka machimbo ya Geita na kifua kilichojaa vumbi la mawe, na juu ya vumbi hilo kikaingia kifua kikuu. Kwetu watu hula chombo kimoja. Anayetengewa chombo chake ni mgonjwa, tena si mgonjwa wa malaria. Ni yule ambaye watoto wanaambiwa wasimalizie maji aliyoyaacha kikombeni.

Hilo nililijua tangu utotoni. Lakini siku ile kichwani mwangu kulikuwa na kitu kimoja tu: gramu mia mbili za ugali. Na kwenye sinia la watu wanne hakuna anayeweza kujua gramu mia mbili zinaanzia wapi na zinaishia wapi. Nikapokea sahani kwa mikono miwili, nikasema asante.

Inabidi nieleze kazi yangu, maana nadhani ugonjwa wangu ulianzia hapo. Naishi Nyahanga, kwenye chumba cha kupanga, na nafanya kazi mjini Kahama kwenye ofisi ndogo inayonunua dhahabu. Wachimbaji wanatuletea kutoka pande zote za ukanda ule, wengine wanatoka Geita na mzigo wao umefungwa kwenye kipande cha karatasi ndani ya soksi. Mimi ndiye ninayepima. Mzani wetu unakaa ndani ya kisanduku cha kioo ili hata pumzi ya mtu isiusumbue. Nimeona mwanaume mwenye mabega ya kubeba gunia ameshika pumzi mbele yangu, akisubiri namba itulie. Nikikosea, nimemdhulumu yeye au nimemdhulumu bosi. Kwa hiyo sikosei. Nikirudi nyumbani naendelea kujiuliza kama kweli sikukosea.

Mtu wa namna hiyo akianza kuangalia video za vijana waliokauka miili, imekwisha. Sikuwa na mwalimu. Nilikuwa na simu, jozi ya vyuma nilivyochomelewa na fundi wa mageti, na kioo kidogo cha kunyolea ambacho kilinilazimu kujitazama kipande kwa kipande. Nilitaka nikauke mpaka tumbo ligawanyike, mpaka mishipa ya mikono ionekane bila kukunja ngumi. Nilitaka kuwe na jambo moja maishani nililolifanya hadi mwisho bila dosari, na mwili ndio pekee uliokuwa wangu.

Ofisini kulikuwa na mzani wa zamani ulioanza kudanganya kidogo kwenye dhahabu, ukaondolewa. Nikauomba. Kwa dhahabu ulikuwa haufai tena; kwa mayai na dagaa ulikuwa hauna mfano. Ulibeba nusu kilo tu, kwa hiyo chakula changu nilikipima kwa mafungu, kila fungu nikiliandika kwenye simu, halafu nakula kikiwa kimepoa.

Utaratibu wenyewe ulikuwa hivi. Siku sita nilikula wanga kidogo sana: mayai, dagaa, mchicha, maharage kiasi. Mwili ukishakauka unaanza kubana matumizi. Unasikia baridi mchana wa jua. Nguvu zinakwisha, usingizi unakatika, unakuwa mkali kwa watu wasiokukosea. Ndipo inakuja siku ya saba, ambayo mimi niliiita siku ya kujaza. Siku hiyo wanga unarudi kwa wingi, wali, viazi, ugali, na mafuta yanapungua, ili misuli ijazwe tena kile ilichotumia. Si siku ya kula ovyo. Ina hesabu yake. Hesabu ndiyo niliyoipenda.

Na hesabu hiyo niliikosea siku ya kwanza kabisa. Bibi alikuwa amenipa mfuko wa michembe. Kwa asiyeijua: ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa vibichi hadi vikakauka kama vipande vya ubao. Vinahifadhiwa kwa ajili ya miezi ya njaa, kisha vinachemshwa. Nilipima michembe ile ikiwa mikavu, nikatumia namba ya viazi vibichi niliyoikuta kwenye simu, wala haikunipitia akilini kwamba kilichotoka kwenye kiazi ni maji tu na wanga wote umebaki. Michembe ikaanza kuvimba kwenye sufuria. Ikainua mfuniko. Nikahamishia nyingine kwenye sufuria ya pili. Nilishangaa, lakini namba ilisema nile yote, nikala yote, nikiwa nimekaa kitandani, jasho likinitoka kama mtu anayebeba mawe. Kesho yake asubuhi uzito ulikuwa umepanda kiasi kwamba nililia. Nataka kuwa mkweli, kwa hiyo ninaandika: nililia kwa sababu ya viazi.

Baadaye nilijifunza kwamba kiasi kikubwa cha uzito ule kilikuwa maji tu, kwa kuwa wanga ukiingia kwenye misuli unaingia na maji yake. Nilijifunza pia kupima sawasawa. Siku ya kujaza ikawa Jumamosi, chumbani kwangu, mlango umefungwa. Wali mweupe, viazi vya kuchemsha, chumvi kidogo. Namba zikawa zinakaa sawa. Na nilikuwa namaliza kula, tumbo limejaa, misuli imejaa kweli, unaiona kwenye kioo, lakini bado nakaa nikiangalia sufuria tupu kama mtu aliyeahidiwa kitu kingine.

Siku zile sita za katikati ndizo zilizonifundisha kutamani. Nilisimama kwenye vibanda vya kuweka salio bila kuhitaji salio, kwa sababu jirani yake kulikuwa na mama wa chapati. Nilijua kwa harufu nyumba ipi mtaani kwetu imeunguza wali, na nilikuwa nawaza ukoko wake, ule wa pembeni unaobanduka mzima. Mteja ananieleza habari za duara lao, yaani shimo la kuchimbia, lililojaa maji, mimi natikisa kichwa, nawaza maandazi.

Bosi wangu, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka Tabora wakafuata biashara huku, alikuwa akinitazama juu ya miwani.

"Wewe mtoto, unaumwa?"

"Hapana, mama."

"Umeachwa?"

"Hapana."

"Basi kula. Wateja watadhani nakulisha vumbi."

Lakini kilichonirudia zaidi ya chapati, zaidi ya maandazi, kilikuwa mwamba. Nyuma ya nyumba ya bibi kuna mwamba mpana, wa mawe ya kijivu, ambao huku kwetu hutumika kama kichanja kilichoumbwa na Mungu. Baada ya mavuno ya viazi, bibi alikaa chini na kisu, akikata, na mimi nikipeleka ungo juu kutandaza. Kazi yangu nyingine ilikuwa kufukuza mbuzi. Jua likishalala, jiwe linabaki na joto; nilikuwa nalala juu yake kifudifudi katikati ya michembe, vipande vimejikunja kama masikio ya ndama, navigeuza kimoja kimoja ingawa havikuhitaji tena kugeuzwa. Chini bibi ananiita, "Mume wangu! Umeoa mbuzi huko?" Hivyo ndivyo bibi zetu wanavyotuita sisi wajukuu wa kiume, mume wangu, na sisi tunajibu kwa majivuno ya kiume. Mimi nilijibu kwamba bado mahari haijatimia.

Nikiwa Nyahanga, siku ya tano ya njaa, nimejifunika blanketi saa nane mchana, nilikuwa nausikia ule ubapa wa joto tumboni mwangu. Ndiyo hiyo niliyoitamani. Sikujua hivyo wakati ule. Nilidhani natamani wanga.

Kila nilipopata nafasi Jumapili nilikwenda Didia. Lakini Jumapili ilikuwa siku ya kwanza ya kubana baada ya kujaza, na niliilinda kama yai. Nilifika na chakula kichwani: ugali kidogo, mboga nyingi, maziwa hapana, karanga hapana. Bibi alitoa sahani ya ukingo wa bluu bila kuombwa tena. Nikala taratibu, nikabakiza. Nikavaa jaketi juani. Sauti yangu nayo ilikuwa imeshuka. Nilipoteza nguvu hata za kubishana na mjomba, ambaye kubishana na mimi ndiyo burudani yake.

Na hapa ndipo ninapojishangaa. Niliona mambo, nikayasoma vibaya yote. Nikaona kigoda changu kimesogezwa, kimewekwa upande ambao upepo unatoka kwao kuja kwangu. Nikaona kikombe changu kinachemshwa kwenye sufuria ndogo baada ya mimi kunywa. Siku moja mtoto mdogo wa mjomba alikimbilia kunimalizia maji, mama yake akamnyakua mkono. Bibi akaanza kunipa kikombe cha dawa ya mizizi, chungu mpaka masikio yanauma, na nilichouliza ni kama ameweka sukari.

"Haina sukari, ng'wanone," akasema. Mwanangu.

Nikafurahi. Nikajisemea: hatimaye wamenielewa. Wamekubali kwamba nina utaratibu wangu, chombo changu, mahali pangu. Nilirudi Kahama siku hiyo nikijisikia mtu anayeheshimiwa. Sikuona hata kwamba bibi ameacha kuniita mume wangu.

Ilipofika kiangazi, msimu wa kuanika, nilikuwa nimekauka kuliko wakati wowote. Tumbo lilikuwa limegawanyika kama nilivyotaka. Mishipa ilitambaa mpaka mabegani. Nilikuwa nimelipata lile jambo moja lisilo na dosari, na nililala nikiwa na huzuni ambayo sikujua nimeitoa wapi. Wiki ile nikafanya uamuzi uliokuwa mkubwa sana kwangu: nitahamisha siku ya kujaza. Itakuwa Jumapili. Nitakula michembe ya mwamba wetu, kwa mkono, kwenye sinia na wengine. Nilishapiga hesabu: michembe haina mafuta, karanga nitaziacha pembeni, ugali nitakadiria kwa ukubwa wa tonge. Hata ukubwa wa tonge nilishaufanyia mazoezi kwenye mzani.

Wiki hiyo nzima niliishi kwa ajili ya mchana mmoja. Ofisini nilikuwa napima dhahabu huku naona mikono minne ikiingia kwenye sinia moja. Nilishuka Didia barabarani nikatembea upesi kama mtoto aliyetumwa dukani. Niliuona mwamba kutoka mbali, umejaa michembe, mweupe kwa mbali kama umeanikwa nguo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umefika mapema."

"Nimekuja kula."

Kitu kikapita usoni mwake, nikadhani ni furaha. Chakula kilipotoka, nilinawa na mjomba kwenye beseni moja, nikavuta kigoda changu mpaka kwenye sinia, nikakaa katikati ya binamu zangu. Mkubwa wao akaangalia magoti yake. Bibi akatoka jikoni na sahani ya ukingo wa bluu, imejaa michembe, imejaa kuliko siku zote, akasimama nyuma yangu.

"Njoo huku, ng'wanone."

"Leo nakula na ninyi, bibi."

"Njoo huku kwako."

"Bibi, leo ni siku yangu ya kula. Nimeingoja wiki nzima."

"Kula ni kwema. Kula. Lakini kula ukiwa huku." Akaonyesha upande wa upepo.

Nikamgeukia mjomba. Mtu huyu hana kitu asichokifanyia mzaha, hata msibani. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapangusa ukingo wa sinia kwa kidole.

"Mjomba, mwambie."

"Nimwambie nini? Mimi mwenyewe nilitaka kukwambia tangu kabla ya mavuno. Kapime kifua, mjomba. Siku hizi dawa zipo, zinatolewa bure, mtu anapona kabisa. Siyo kama enzi za baba."

Hapo ndipo yote yakanijia kwa mpigo: kigoda, kikombe, mtoto aliyenyakuliwa mkono. Masikio yakawaka moto.

"Mimi siumwi," nikasema. "Ni mazoezi. Nakula kwa mpango. Nimejikausha kwa makusudi."

"Kwa makusudi?" Bibi akauliza. Hakuwa na hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayesikia neno la kabila jingine.

Na mimi nikafanya kitu nilichokuwa nimekitamani kwa miezi, ila si kwa namna ile. Nikavua jaketi, nikainua shati. Nikakaza tumbo kama kwenye kioo. Nikasema, "Tazama, bibi. Hii ndiyo yenyewe. Hii ndiyo niliyoitafuta."

Mjomba akashindwa kujizuia. "Gashi!" akasema, ndiyo kumbe ya Kisukuma. "Hata ng'ombe wa mwezi wa kumi anakuzidi, mjomba. Yule angalau ana nundu." Binamu zangu wakaangua kicheko, nami nusura nicheke nao, maana ndiyo ilikuwa sauti ya nyumbani.

Bibi hakutazama tumbo. Alitazama mbavu. Akaweka sahani chini, akanyoosha mkono, akalishusha shati langu taratibu kama unavyofunika chakula nzi wasitue.

"Babu yako naye alisema haumwi," akasema.

Nilikula michembe yangu nimekaa kwenye kigoda upande wa upepo. Ilikuwa mitamu, imekolea jua, na ilikuwa mingi. Nilikuwa nimeruhusiwa kula yote. Mafuta hayakuwemo. Kila namba ilikuwa sahihi. Hatua chache kutoka kwangu mikono ilikuwa inaingia na kutoka kwenye sinia, mjomba anamtania mwanawe kwamba anachimba ugali kama duara bila nguzo, utamwangukia. Mimi nilikuwa natafuna. Sijawahi kutamani chakula kama nilivyotamani kile kilichokuwa pale, na nilikuwa nimeshiba.

Kesho yake niliomba ruhusa kazini nikaenda kupima. Niliogopa kweli, maana bibi alishanitia shaka, na mtu kama mimi hahitaji kutiwa shaka mara mbili. Nilitoa makohozi, nikangoja, nikarudi tena kuchukua majibu. Muuguzi, dada mmoja aliyekuwa anatafuna muhindi wa kuchoma, akaniambia kifua changu ni kizima. Kisha akanitazama toka juu hadi chini.

"Unakula?"

"Leo, au kwa jumla?"

"Umeshanijibu," akasema, akaendelea na muhindi wake.

Nilimpigia mjomba nikamwambia. Nikasikia anamwambia bibi, nikasikia bibi anajibu mbali na simu. Mjomba akarudi. "Anasema karatasi haimjui babu yako wala wewe. Anasema uje ule, akuone."

Jumapili iliyofuata nikaenda. Kwa utaratibu wangu haikuwa siku nzuri. Katikati ya wiki, kwa kihoro, nilishakula wali mwingi jioni moja bila kupima, hesabu zote zilishavurugika. Nilikaa kwenye gari nikipanga maelezo, kwamba nile mboga tu, kwamba niombe kidogo. Nilipofika bibi hakuitikia vizuri shikamoo yangu. Aliniketisha kwenye jiwe la kunolea, akaniingiza mkono chini ya shati, akaweka kiganja mgongoni.

"Vuta pumzi."

Nikavuta.

"Tena. Kohoa."

Nikakohoa. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu kwa jembe, na kilikaa pale muda mrefu. Nadhani alikuwa anasikiliza kitu alichokijua kwa mkono, sauti ya kifua cha babu aliyolala karibu nayo miezi mingi bila mtu wa kumsaidia. Sikumharakisha. Nilihisi naye anavuta pumzi pamoja na mimi.

Mwishowe akatoa mkono. Akaita jikoni, "Leteni chakula." Kikaja chombo kimoja. Ugali wa mtama, mboga ya majani ya kunde iliyopikwa na karanga, maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Kwa kawaida bibi hali na wanaume, hula jikoni na mkwe wake. Siku ile akaleta kigoda, akakaa karibu yetu mikono imekunjwa, akaniangalia.

"Leo hakuna mizani, mjomba," mjomba akasema. "Ukikata tonge kubwa tunakuona. Ukikata dogo tunakuona pia."

Nikakata. Nilijua, vidole vyangu vilijua, kwamba ni takriban gramu hamsini, kisha nikachovya kwenye mboga, karanga zikapanda juu na mafuta yake, nikapoteza hesabu. Tonge la pili sikulijua kabisa. Kuna adabu ya sinia ambayo nilikuwa nimeisahau: huvuki kwenda upande wa mwenzako, na mtu akiona upande wako umekwisha anakusukumia kutoka kwake bila kukutazama. Binamu yangu mkubwa alinisukumia. Baadaye mjomba akanisukumia. Nikala vya kwangu na vyao, sijui ni kiasi gani. Nisingependa kudanganya kwamba nilikuwa na utulivu. Ilikuwa hofu na furaha kwa pamoja, na sikuweza kuzitenganisha.

Tulipomaliza bibi akainuka. Akachukua kibuyu cha maziwa, akanimiminia yaliyobaki kwenye kikombe, akanywa kwanza yeye mafunda mawili, halafu akanipa kikombe hicho hicho.

"Maliza," akasema, "halafu upande juu ukageuze michembe, mume wangu. Mbuzi wako wanakusubiri."

Nikapanda. Jiwe lilikuwa la moto bado. Sikulala juu yake, nimekuwa mrefu na nilikuwa na aibu. Lakini nilikaa katikati ya michembe, nikaigeuza, kipande kimoja kimoja, mpaka mjomba alipopiga mluzi kwamba gari la Kahama linapita.

Jumatatu nilisimama kwenye mzani wa mwili mara tatu. Uzito ulikuwa umepanda. Nilijua ni maji, niliwahi kuwaeleza watu wengine kwa ujasiri kwamba ni maji, na bado niliona kizunguzungu. Sijapona tabia hiyo. Naisema ili mtu mwingine aliye kwenye chumba kama changu asidhani kwamba tonge moja linatosha kumponya.

Haya ndiyo yaliyobadilika. Siku yangu ya kujaza sasa ni Jumapili, Didia, kwenye sinia la wote, nami siipimi. Siku nyingine bado napima, ila si mboga tena, na sibani kama zamani. Nimeongezeka, mistari ya tumbo imefifia, sisikii baridi mchana. Sahani yenye ukingo wa bluu ipo uani, vifaranga wanaitumia kunywea maji.